Pudini za wakati wa vita: nilichobakiza na nilichotupa

Ukiyasoma haraka mapishi ya vitindamlo ambayo Wizara ya Chakula ya Uingereza iliwagawia akina mama wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, utadhani aliyeyaandika alikuwa anatania. Krimu isiyo na krimu. Marzipani, lile donge tamu la lozi na sukari, isiyo na lozi. Ndizi isiyo na ndizi. Keki inayoumuka kwa siki. Mimi nayasoma kwa sababu ya riziki: ni mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Coventry, na kila Mei inapokaribia tunaandaa chai ya kukumbuka mwisho wa vita barani Ulaya, tarehe 8 Mei 1945. Mwaka 2025 ilipotimia miaka 80, wakubwa walitaka shughuli iwe nzito zaidi, nami nikaambiwa nipike kama enzi zile.

Kauli hiyo ni rahisi kwa asiyeshika mwiko. Ukiyafuata mapishi yale neno kwa neno kwa unga wa leo, majarini ya leo na oveni ya leo, yanakukataa. Na yakikubali, wanaoyajua wanasogeza sahani pembeni. Wazee wetu wengi walikuwa watoto wa miaka mitano hadi kumi na kitu wakati wa vita, na wana kumbukumbu kali ya mdomo. Huwezi kuwadanganya, na pia huwezi kuwarudisha kwenye njaa kisha utegemee shukrani.

Nianze na sukari, maana hapo ndipo kila mtu anakosea. Mgao ulianza tarehe 8 Januari 1940: siagi, sukari, na nyama ya nguruwe ya chumvi. Kwa sehemu kubwa ya vita mtu alipata aunsi 8 za sukari kwa wiki, yaani gramu 227. Gawa kwa siku saba: gramu 32 kwa siku. Sasa linganisha na leo, ambapo mamlaka za afya za Uingereza zinamshauri mtu mzima asipitishe gramu 30 za sukari ya kuongezwa kwa siku. Kwa hiyo mgao ule uliolalamikiwa hadi ulipoondolewa Septemba 1953 unazidi kidogo kipimo ambacho daktari wangu ananihimiza nisikifikie. Na hapo hujahesabu jamu wala peremende, ambazo nazo zilikuwa na mgao wake.

Basi kwa nini pudini zenyewe zina sukari ya kuhesabu kwa kijiko? Jibu nililipata kwa bibi mmoja wa ghorofa ya pili, ambaye kila nikipita na toroli ya chai lazima anisimamishe. "Ilikwenda kwenye chai ya baba, mpenzi," akaniambia. Nyumbani kwao kulikuwa na makopo mawili ya sukari kwenye rafu. Moja la baba, ambaye alifanya kazi kiwandani na hakukubali kushuka chini ya vijiko viwili kwa kikombe. La pili la wengine wote, na pudini ya Jumapili ilitoka humo. Mama yake alikuwa akichungulia kopo la pili Ijumaa jioni, kisha anaamua kama Jumapili kutakuwa na karoti ndani ya pudini au la.

Tangu siku ile nikaacha kusoma mapishi yale kama mapishi. Nayasoma kama mashauri ya nyumba yenye makopo mawili. Kila mstari una upungufu fulani unaoujibu, na kazi yangu ni kuutambua kabla sijaamua kuubakiza au kuutupa. Karoti ipo kwa sababu sukari haitoshi, lakini karoti ni nzuri yenyewe, inabaki. Mayai ya unga yapo kwa sababu kuku wamepungukiwa chakula. Hayo hayana sababu ya kubaki. Siki ipo kwa sababu hakuna yai kabisa: ikikutana na beking soda inatoa povu linaloinua keki. Hiyo inabaki, ila siku zetu hizi inamfaa asiyekula mayai, na wapo wengi.

Kwenye mayai ndiko mpishi wa nyumbani anakoumia zaidi bila kujua. Kuanzia Juni 1941 mgao ulikuwa yai moja kwa mtu kwa wiki, nalo likiwepo dukani. Mwaka 1942 yakaingia mayai ya unga kutoka Marekani, pakiti moja ikihesabiwa kuwa mayai 12. Kipimo kilikuwa kijiko kimoja cha mezani cha unga wa mayai, kikiwa kimesawazishwa, kwa vijiko viwili vya maji. Lakini mapishi mengi yanakuambia uuchanganye ule unga mkavu na ngano moja kwa moja, na maji yake yamejificha ndani ya maziwa ya mapishi yote. Ukivunja yai bichi mahali pake, punguza vijiko viwili vya mezani vya maji au maziwa kwa kila yai. Usipopunguza, keki itaiva juu na katikati utachota uji.

Unga nao una lake. Mwaka 1942 serikali iliagiza unga mmoja wa taifa, ambao katika kila kilo 100 za ngano kilo 85 zinabaki kwenye unga na pumba kidogo tu ndiyo inatolewa. Lengo lilikuwa kuokoa nafasi melini, kwa kuwa ngano nyingi ilivuka Atlantiki huku manowari za Wajerumani zikiiwinda. Mkate wake ulikuwa wa kijivu na watu waliusema vibaya sana. Unga wa namna hiyo unakunywa maji kuliko unga mweupe uliopo kabatini kwako. Mimi nachanganya theluthi moja ya unga wa atta na theluthi mbili za unga mweupe, na vipimo vya kale vya maziwa vinakaa sawa bila kubahatisha. Msomaji wa Dar au Mombasa hapo ananishinda, maana atta ipo duka la kona. Mimi hapa naifuata kwenye maduka ya Wahindi.

Vipimo vyenyewe visikutishe. Aunsi ni gramu 28, painti ya Kiingereza ni mililita 568, na wakisema oveni ya wastani weka nyuzi 180, au 160 kama ina feni. Kijiko ni cha kusawazisha kwa kisu, si cha kilima. Mama zetu hupima kwa jicho na mapishi yao yanatoka, lakini mapishi haya yaliandikwa na watu waliokuwa wakihesabu hadi gramu ya mwisho ya mafuta, hayana nafasi ya jicho.

Na mafuta ndiyo kisa kirefu. Siagi ilishuka hadi aunsi 2 kwa wiki, ambazo ni gramu 57 tu. Kilichobaki kilikuwa majarini na mafuta ya kupikia kidogo. Vita viliisha lakini mafuta hayakurudi. Mgao wake uliendelea hadi Mei 1954. Ni kwa sababu ya ukame huo wa majarini ndipo serikali ya London ilipotupia macho Tanganyika. Ule mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ulikuwa wa kutafuta mafuta ya meza za Waingereza. Karanga zilitarajiwa kukamuliwa, mafuta yageuzwe majarini, majarini ipakwe mkate. Matrekta yakavunjikia kwenye visiki, udongo wa Kongwa ukikauka ukawa kama sakafu ya saruji, mvua ikasusa, na pauni milioni 36 hivi zikapotea. Shuleni tuliufundishwa kama somo la kilimo na ukoloni. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba upande wa pili wa habari kulikuwa na mama wa Coventry aliyekosa mafuta ya kupaka chombo cha keki. Nimewahi kuwasimulia wazee wakati wa chai. Mmoja akacheka hadi akakohoa, akasema kumbe ndiyo maana walimtoza kodi.

Lakini tuzungumzie majarini ya leo. Ile ya vita ilikuwa kipande kigumu, karibu yote mafuta. Ya leo iliyo laini ndani ya kopo la plastiki mara nyingi ina maji mengi, nyingine karibu nusu yake, au zaidi. Soma nyuma ya kopo: kama mafuta hayafiki asilimia 70, ipake mkate, usiipikie. Tumia majarini ya kipande au siagi.

Utaona tofauti hiyo wazi kwenye krimu ya bandia. Unakoroga konflawa gramu 15 na maziwa mililita 140, unapika hadi izito, unaacha ipoe kabisa. Narudia, kabisa, hadi ukigusa chini ya sufuria husikii joto lolote. Pembeni unapiga gramu 40 za majarini na vijiko vitatu vya chai vya sukari hadi iwe nyeupe, kisha unaingiza ule uji baridi kijiko kwa kijiko huku ukipiga, na matone mawili ya vanila. Kwa siagi inapanda, inashika alama ya uma. Kwa majarini ya kopo la plastiki inakatika kama mtindi ulioharibika, na hakuna dawa.

Kwenye nyumba yetu krimu hii imepata kazi ambayo wizara ile haikuifikiria. Watu wakisikia chakula cha wazee wanafikiria kupunguza mafuta na sukari. Shida yetu kubwa ni kinyume: mzee anapoteza uzito, anakula vijiko vitatu anatosheka, na vile vitatu inabidi vibebe nguvu za sahani nzima. Basi tunatia maziwa ya unga kwenye maziwa halisi, vijiko vinne vya mezani kwa painti moja, na hayo ndiyo tunayopikia uji, kastadi na pudini. Maziwa ya unga! Makopo yaleyale waliyopewa watoto hawa mwaka 1942 kwa sababu ya dhiki, leo tunawapa kwa sababu ya lishe, na mbinu ni ileile. Krimu ya bandia niliyoipika kwa maziwa hayo inapita kooni kwa urahisi hata kwa wale wanaosagiwa chakula. Wenye kisukari nawawekea kidogo na naandika kwenye daftari; hilo halina mjadala.

Pudini niliyoibakiza karibu yote ilivyo ni ya karoti na viazi. Pima gramu 115 za karoti iliyokwaruzwa, 115 za kiazi kibichi kilichokwaruzwa, 115 za unga, 115 za zabibu kavu, 85 za siagi iliyoyeyushwa, 60 za sukari nyekundu, kijiko cha chai cha beking soda, kijiko cha chai cha mdalasini na kungumanga pamoja, na chumvi. Kiazi kikwaruze mwisho kwa sababu kinabadilika rangi ukikipa kisogo. Mimina beking soda juu ya kiazi, koroga, ndipo kiingie pamoja na vingine. Usikamue maji ya kiazi. Ndiyo maziwa ya pudini hii. Wanga wake unashika unyevu, na ndiyo maana pudini hii kesho yake bado ni laini wakati keki ya kawaida imeshakuwa mkate wa mbwa.

Nilichoongeza ni chumvi na harufu ya ndimu. Mapishi ya vita yana woga wa ajabu na chumvi, na ndimu zilikuwa zimetoweka kwa sababu meli hazikuja. Ladha yake inabaki bapa. Maganda ya ndimu moja, pamoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vinaiamsha hivi kwamba huhitaji kuongeza sukari. Tende zilizokatwa zikichukua nusu ya nafasi ya zabibu ni bora zaidi, ingawa hapo nakubali kwamba nimeshaihamisha nchi.

Unaimimina kwenye bakuli lililopakwa siagi, inafika theluthi mbili tu, unafunika kwa karatasi na foili yenye mkunjo katikati ili ipate pa kufutukia, unafunga kwa kamba, unaipika kwa mvuke saa mbili. Wakati wa vita chungu kilikaa kwenye jiko la makaa ambalo lilikuwa linawaka hata hivyo kupasha nyumba. Leo saa mbili za umeme ni hela. Kwenye sufuria ya presha iache dakika 15 bila kuweka uzito ili inyanyuke, kisha presha ndogo dakika 40 hivi. Maikrowevu inaiivisha kwa dakika chache, ila haipati ule weusi unaotokana na kukaa kwenye mvuke, na ikipoa inakauka. Mwenye jiko la mkaa Tanzania asisumbuke na chochote kati ya hivyo: sufuria, kifuniko kizito, maji yakipungua aongeze ya moto.

Sasa ndizi. Ndizi ziliacha kuletwa Uingereza mwisho wa mwaka 1940, na meli ya kwanza iliyozibeba baada ya vita ilitia nanga Avonmouth tarehe 30 Desemba 1945. Katikati hapo kuna watoto waliofika shule bila kuiona ndizi. Kwa hiyo ikabuniwa ndizi ya bandia: unachukua pasnipu, mzizi unaofanana na karoti nyeupe, unauchemsha, unauponda, unatia sukari na matone ya harufu ya ndizi, unapaka kwenye mkate.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Nimelelewa katikati ya migomba. Ndizi kwetu ni chakula, ni pombe, ni jani la kufunikia chungu. Siku nilipopika pasnipu na kuitia harufu ya ndizi ya chupa nilimpigia mama simu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umekula?" Nikamweleza ninachopika. Kimya. Kisha akauliza kama ndicho kilichonipeleka Ulaya. Lakini baada ya kucheka akanikumbusha miaka ya themanini mwanzoni alipokuwa anaishi Dar es Salaam, foleni ya sukari na sabuni inaanza alfajiri, na ule unga wa njano kutoka Marekani ambao watu waliuita Yanga. Akasema chapati za unga ule hazikukunjika, zilivunjika, na watu walizila huku wakisema ni nzuri kwa kuwa mgeni anatazama. Akanipa ruhusa niendelee na pasnipu.

Wazee walionja. Bibi wa makopo mawili alifumba macho, akasema ndiyo yenyewe, mbaya vilevile. Mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha aligoma kabisa kufungua mdomo: alishakula mara ya kwanza kwa kukosa, hakuona sababu ya kula mara ya pili kwa hiari. Nampa haki. Pasnipu ya ndizi nimeitupa. Aliye na ndizi ale ndizi, na aliye na pasnipu aioke kwa asali.

Mzee huyohuyo ndiye aliyenifundisha kipimo ninachotumia hadi sasa. Nilimpelekea pudini ya karoti na krimu ya bandia, nikijua hii nimeipatia. Akala pudini yote, akaiacha krimu. Nikamuuliza kuna kasoro gani. Akasema hakuna kasoro, ila kama ninayo ile halisi kwenye friji, yeye angependa ile. Pudini kwake ilikuwa pudini. Krimu ilikuwa mbadala. Sasa kila ninachopika kutoka mapishi yale najiuliza: kitu hiki kikiwekwa mezani pamoja na kile kilichokuwa kinakosekana, mtu atachagua kipi? Marzipani ya unga wa soya na harufu ya lozi ilianguka mtihani huo papo hapo, ingawa mwenye mzio wa karanga na lozi anaweza kuitaka, na ikipikwa kwa suji badala ya soya inakaribia halua ya kwetu. Keki ya siki ilifaulu. Matufaha yaliyofunikwa unga uliosuguliwa na mafuta kidogo na oti yalifaulu hata bila kubadilishwa, isipokuwa nilipunguza unga juu yake.

Kuhusu mapambo sikuhangaika. Agosti 1940 serikali ilipiga marufuku kupaka sukari ya urembo juu ya keki, na maharusi wakawa wanakodi keki za karatasi ngumu zilizopakwa chokaa ya plasta, halafu chini yake kunakaa kikeki kidogo cha kweli. Keki yetu ya Mei ilitoka tupu, yenye jamu katikati. Hakuna aliyeuliza.

Kilichobaki kwenye menyu yetu ya kila wiki, bila sherehe wala bendera, ni pudini ya mkate. Nyumba yenye wazee wengi inabakiza mkate kila siku, na mwaka 1940 kutupa chakula kulifanywa kosa la jinai. Naloweka mkate mkavu, nusu kilo hivi, kwenye maji baridi, naukamua kwa mikono hadi uache kutiririka, nauponda kwa uma. Gramu 85 za siagi, 85 za sukari nyekundu, konzi mbili za zabibu, yai moja, mdalasini usiohesabiwa, maganda ya ndimu. Mchanganyiko uwe mzito kiasi cha kuanguka kwenye kijiko kwa kusitasita. Ukidondoka haraka umekamua vibaya, ongeza mkate. Saa moja kwenye nyuzi 180, hadi pembeni ikaze na kuachana na chombo. Mama nimemtumia mapishi haya kwa simu. Anatumia maandazi ya jana badala ya mkate, anaweka iliki, na ameniambia nisimwambie tena habari za kupima.